Kwa Nini Diski Iliyochomwa Nyumbani Hukataliwa na Deki?

Katika mji wa Mtwara, kama ilivyo katika miji mingine ya pwani, si jambo geni kwa mpiga picha wa harusi kumkabidhi mteja wake diski ya DVD ambayo imekwisha kuangaliwa kwenye kompyuta na kuonekana kuwa nzima. Diski hiyo husafiri hadi Msimbati, Madimba au Kilambo na kutiwa katika deki ya nyumbani. Deki hunguruma kidogo, husita, kisha huandika kwamba haioni diski yoyote ndani yake. Mwenye harusi hudhani kuwa amedhulumiwa. Mpiga picha naye husema kwamba deki ni mbovu. Lakini diski ileile ikipelekwa kwa jirani huonyesha picha tangu mwanzo hadi mwisho bila kikwazo.

Fumbo hili limewagombanisha watu wengi, na wengi wamelimaliza kwa kutupa ama diski ama deki. Jibu lake limo katika fizikia ya nuru, kemia ya rangi na hesabu ya kusahihisha makosa, mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari huyagusa katika masomo yake ya kila siku. Tena jibu hilo si la udadisi mtupu. Katika kabati na masanduku ya nyumba nyingi za pwani ya kusini zimo diski zilizobeba harusi, ngoma za jando na unyago, na sauti za wazee ambao hawapo tena. Anayeelewa kwa nini diski hukataliwa anaweza kuziokoa kumbukumbu hizo kabla hazijapotea kabisa.

DISKI ZILIVYOFIKA KUSINI

Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na televisheni ya taifa ilianza kazi rasmi mwaka 2000. Kwa sababu hiyo kanda za video, na baadaye diski, ndizo zilizokuwa sinema ya watu wengi. Mabanda ya video yalienea mijini na vijijini, na filamu za kigeni zilionyeshwa zikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili aliyesimulia juu ya maneno ya waigizaji. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa mmoja wa watafsiri hao jijini Dar es Salaam. Kazi za namna hiyo zimechunguzwa na mwanaanthropolojia Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani. Filamu iliyotafsiriwa hivyo haikuwa na kiwanda cha kuipiga chapa. Ilinakiliwa moja baada ya nyingine, kwanza katika kanda na baadaye katika diski zilizochomwa kwa kompyuta.

Katika Mkoa wa Mtwara mambo mawili yaliongeza kasi ya mwenendo huo. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa kwenye mto Rufiji, na safari ya bidhaa kutoka Dar es Salaam ikawa nyepesi kuliko ilivyokuwa wakati wa kutegemea kivuko. Pili, gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 ilianza kutumika kuzalishia umeme wa Mtwara katika muongo wa kwanza wa karne hii. Wakulima waliouza korosho zao waliweza kununua televisheni na deki, na vijana wenye kamera na kompyuta wakapata kazi ya kurekodi sherehe na kuchoma diski. Hivyo mkoa ukajaa diski ambazo hazikutoka kiwandani.

VISHIMO VYA KIWANDANI NA ALAMA ZA MOTO

Kwa macho, diski ya kiwandani na diski ya kuchomwa hufanana. Zote mbili zina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, na kila moja imeundwa kwa sahani mbili za plastiki ya polikaboneti zilizogundishwa pamoja. Ndani yake taarifa zimepangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama ukili unavyozungushwa wakati wa kushona kawa. Nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaoufuata ni maikrometa 0.74, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kama mstari huo ungenyooshwa ungefikia urefu wa karibu kilomita 12, mwendo usiopungua ule wa kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani.

Tofauti imo katika namna alama zilivyoandikwa. Katika diski ya kiwandani, alama ni vishimo halisi vilivyopigwa chapa katika plastiki na kufunikwa kwa utando wa metali. Kina cha kishimo ni karibu robo ya urefu wa wimbi la nuru ndani ya plastiki. Nuru inayoingia kishimoni na kurudi husafiri nusu ya wimbi zaidi kuliko ile inayoakisiwa na sehemu tambarare iliyo kando yake. Mawimbi hayo mawili hupingana na kufifishana. Deki huona giza panapo kishimo na mwanga pasipo kishimo.

Diski ya kuchomwa haina vishimo vya namna hiyo. Ina mfereji mtupu wa kuiongoza leza, na juu yake utando mwembamba wa rangi ya kikemikali, kisha metali ya kuakisi. Wakati wa kuandika, leza ya kompyuta huongezwa nguvu kwa vipindi vifupi sana, na joto lake huivunja ile rangi mahali pa alama. Sehemu iliyoungua huakisi nuru kidogo kuliko sehemu ambayo haikuungua. Deki hutakiwa kuona giza na mwanga vilevile, lakini sasa giza hilo limetokana na rangi iliyoungua. Kwa hiyo diski ya kuchomwa haistahili kuitwa pacha wa ile ya kiwandani. Ni kitu kingine, kilichoundwa ili kumfanana pacha huyo mbele ya jicho la leza.

Ifahamike pia jinsi mfano huo unavyotakiwa kuwa sahihi. Alama fupi kabisa katika DVD ina urefu wa maikrometa 0.4, na ndefu kabisa haizidi maikrometa 2. Deki haipimi giza na mwanga tu, bali hupima mahali hasa ambapo alama huanza na kukoma. Rangi ikiungua kupita kiasi, alama hurefuka. Isipoungua vya kutosha, hufupika. Mhandisi wa deki ameacha nafasi ndogo ya kuvumilia makosa hayo, na kila deki ina uvumilivu wake. Hapo ndipo fumbo linapoanza kufumbuka: deki mbili zinaweza kuisoma diski moja kwa uvumilivu usiolingana.

RANGI ISIYOONEKANA KWA LEZA NYINGINE

Sababu ya kwanza ya kukataliwa ni rangi ya nuru yenyewe. Deki za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia leza yenye urefu wa wimbi wa nanometa 780, ambayo jicho la binadamu haliioni vizuri. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, hutumia leza nyekundu ya nanometa 650. Wimbi fupi linaweza kukusanywa katika nukta ndogo zaidi, na ndiyo maana DVD hubeba taarifa nyingi kuliko CD.

Vishimo vya CD ya kiwandani hufunikwa kwa alumini, na alumini huakisi nuru ya nanometa 650 vizuri kama inavyoakisi ile ya 780. Lakini rangi za CD za kuchomwa zilichaguliwa kwa ajili ya nanometa 780 peke yake. Mbele ya leza nyekundu nyingi ya rangi hizo hunyonya nuru badala ya kuirudisha. Kwa sababu hiyo deki za DVD za awali, zenye leza moja tu, zilicheza VCD za kiwandani na kukataa VCD zilizochomwa nyumbani. Baadaye viwanda viliweka leza mbili katika kichwa kimoja cha kusomea. Ndiyo maana deki ya bei nafuu iliyotengenezwa miaka ya baadaye inaweza kusoma diski ambazo deki ya fahari ya mwaka 1998 inazikataa.

Tatizo la namna hiyo lipo pia katika DVD za kufutika, zile zinazoweza kuandikwa upya mara nyingi. Hizo hazitumii rangi ya kikemikali, bali mchanganyiko wa metali unaobadilika kati ya hali ya fuwele na hali isiyo na mpangilio. Huakisi asilimia 18 hadi 30 tu ya nuru, ilhali DVD ya kiwandani yenye tabaka moja huakisi asilimia 45 hadi 85. Deki yenye leza iliyochoka, au lenzi iliyofunikwa na vumbi, huweza kuona diski ya kiwandani lakini isione chochote katika diski ya kufutika.

DISKI ISIYOJULIKANA KWA JINA

Sababu ya pili haihusu nuru bali utambulisho. Mwanzoni mwa kila diski, karibu na tundu la katikati, kuna taarifa zinazomweleza msomaji ni diski ya aina gani. Kwa bahati mbaya dunia haikukubaliana juu ya aina moja ya DVD ya kuchomwa. Diski za alama ya kutoa, DVD-R, zilianza kuuzwa mwaka 1997. Kundi jingine la makampuni, likiwamo Philips na Sony, lilitengeneza aina ya alama ya kujumlisha, na DVD+R zikaingia sokoni mwaka 2002.

Deki iliyotoka kiwandani kabla ya mwaka huo haikuweza kufundishwa habari ya diski ambayo ilikuwa haijazaliwa. Baadhi ya deki hizo husoma namba ya utambulisho, hukuta aina zisizoijua, na kukataa bila kujaribu kusoma picha. Kwa diski za DVD+R, programu nyingi za kuchomea zinaweza kuandika namba ya diski ya kiwandani badala ya ile ya asili, na mara nyingi deki iliyokuwa ikikataa hukubali. Kwa DVD-R njia hiyo haipo, kwa sababu sehemu hiyo ya utambulisho imekwisha kuwekwa na kiwanda. Lakini DVD-R, kwa ukongwe wake, hukubaliwa na deki nyingi zaidi za zamani.

Sababu ya tatu ni diski ambayo haikufungwa. Baada ya kuandika picha, kompyuta hutakiwa kuandika orodha ya mwanzoni na ukanda wa mwishoni, kama karani anavyofunga daftari la mahesabu na kulitia sahihi. Umeme ukikatika wakati huo, au mchomaji akiacha diski wazi ili aongeze mambo mengine baadaye, kompyuta huweza kuisoma kwa kubahatisha, bali deki ya nyumbani haioni mlango wa kuingilia. Hitilafu hii mara nyingi ina dawa: diski hurudishwa katika kompyuta iliyoichoma na kufungwa kwa programu ileile.

Sababu ya nne ni lugha ya picha. Faili la video linaweza kunakiliwa katika diski kama barua inavyotiwa katika bahasha, na kompyuta italifungua. Deki ya DVD ya kawaida hutarajia jambo jingine: kabrasha liitwalo VIDEO_TS, na ndani yake picha zilizobanwa kwa kanuni ya MPEG-2. Diski zenye filamu nyingi kwa pamoja mara nyingi hutumia kanuni nyingine inayobana zaidi, na deki ambazo hazina kanuni hiyo huziacha. Hapa diski ni nzima na deki ni nzima. Kinachokosekana ni mkalimani.

Wengine hudhani kwamba lawama ni ya namba za maeneo. Ni kweli kwamba diski za kiwandani hufungiwa maeneo: Tanzania imo katika eneo la 5, ilhali Oman na nchi nyingine za Ghuba zimo katika eneo la 2, na filamu iliyonunuliwa Muscat inaweza kukataliwa Mtwara kwa sababu hiyo. Lakini diski ya harusi iliyochomwa nyumbani kwa kawaida haina kufuli hilo, kwa hiyo sababu yake itafutwe kwingine.

HESABU INAYOFICHA UGONJWA

Hakuna diski isiyo na makosa. Mikwaruzo, vumbi na alama zilizoungua vibaya huharibu maelfu ya tarakimu, na hata hivyo picha huonekana safi. Hii ni kazi ya hesabu iliyobuniwa mwaka 1960 na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon.

Msingi wake unaweza kueleweka kwa mfano wa daftari la chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kila mkulima ana mstari wake, kila siku ya mnada ina safu yake, na pembeni huandikwa jumla za mistari na jumla za safu. Tone la maji likifuta namba moja, karani huirudisha kwa kutoa namba zilizobaki katika jumla. DVD hufanya vivyo hivyo kwa hesabu ya juu zaidi. Taarifa hupangwa katika jedwali la mistari 192, kila mmoja ukiwa na baiti 172. Kisha huongezwa mistari 16 na safu 10 za kukagulia. Kwa njia hiyo pengo la karibu milimita 6 kando ya mstari wa alama linaweza kujazwa, wala mtazamaji asijue kwamba palikuwa na pengo.

Lakini wema huo una hatari yake. Kanda ya zamani ya video ilizeeka hadharani: picha ilififia, mistari ikaongezeka, na mwenyewe akapata muda wa kuinakili. Katika diski, makosa huongezeka kimyakimya huku hesabu ikiyafunika. Siku yanapozidi uwezo wa hesabu, picha huganda mara moja au diski hukataliwa kabisa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Diski huleta mvua bila wingu. Ndiyo maana diski iliyocheza vizuri katika deki yenye leza mpya inaweza kukataliwa na deki iliyochoka kidogo. Makosa yalikuwamo katika diski siku zote, na deki ya pili imeongeza ya kwake hadi kikombe kikafurika.

UKINGO WA DISKI NA HALI YA HEWA YA PWANI

Uandishi huanza katikati na kuishia ukingoni. Viendeshi vingi vya kompyuta huongeza kasi kadiri vinavyokwenda nje, na diski iliyopinda hata kidogo huyumba zaidi ukingoni kuliko katikati. Kwa hiyo makosa hukusanyika mwishoni mwa diski iliyojaa. Ndiyo sababu ya lile lalamiko la kawaida kwamba bibi harusi anaonekana akiingia ukumbini, lakini picha inaganda wakati wa kutoa zawadi. Kuacha sehemu ya ukingo bila kuandikwa, na kutumia kasi ya wastani ya kuchomea, kwa mfano mara 4 au mara 8 badala ya mara 16, hupunguza tatizo hilo. Kasi ndogo kupita kiasi nayo si lazima iwe bora, kwa kuwa rangi za diski nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kasi kubwa.

Hali ya hewa ya pwani huongeza mzigo. Polikaboneti hunyonya unyevu, na diski inayopitia joto la mchana na unyevu wa masika mwaka baada ya mwaka huweza kupinda. Unyevu ukipenya gundi ya ukingoni huichakaza metali ya kuakisi. Mionzi ya jua huvunja rangi ya kikemikali, jambo ambalo leza ilitakiwa kulifanya mahali pa alama tu. Diski inayoachwa juu ya meza ya muuzaji juani huandikwa upya na jua, bila mpangilio. Lebo ya karatasi iliyobandikwa juu hujikunja kwa unyevu na kuivuta diski nzima. Vumbi la barabarani na mafusho ya jikoni, yakitua juu ya lenzi ya deki, huipunguzia leza nuru kabla haijafika kwenye diski.

KUPELELEZA KABLA YA KULAUMU

Kutokana na maelezo haya ni dhahiri kwamba swali la kuuliza si iwapo diski ni mbovu au deki ni mbovu, bali ni kwa nini hizi mbili hazipatani. Upelelezi wake hufuata kanuni ya jaribio lolote la sayansi: kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kwanza diski iliyokataliwa ijaribiwe katika deki nyingine mbili au tatu. Ikikataliwa na zote lakini ikafunguliwa na kompyuta, ichunguzwe kama imefungwa na kama ina lile kabrasha la VIDEO_TS. Pili, deki iliyokataa ipewe diski ya kiwandani, kisha diski nyingine za kuchomwa za aina ya kutoa na ya kujumlisha. Ikikubali ya kiwandani na kukataa zote za kuchomwa, lenzi isafishwe na fundi, maana leza yake huenda imechoka. Ikikubali aina moja na kukataa nyingine, tatizo ni la utambulisho. Tatu, mahali pa hitilafu paangaliwe. Diski inayokataliwa tangu mwanzo ina kasoro ya aina, ya kufungwa au ya mwanga hafifu. Inayoganda karibu na mwisho ina kasoro ya ukingo. Inayoganda mahali palepale katika kila deki ina mkwaruzo au doa.

Diski chafu ifutwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Mkwaruzo unaokata mistari ya alama hugusa sehemu fupi ya kila mstari, na hesabu huuziba. Mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu sehemu ndefu ya mstari uleule, na hesabu hushindwa. Petroli na vimumunyisho vya rangi visitumike hata kidogo, kwa sababu huyeyusha plastiki.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu wa fizikia anaweza kuonyesha tofauti ya CD na DVD kwa kurunzi ndogo ya leza nyekundu. Diski isimamishwe wima mbele ya kadibodi nyeupe yenye tundu dogo, umbali wa sentimita 30. Mwali wa leza upitishwe tunduni na kuipiga diski mraba. Mistari ya diski hutawanya nuru, na nukta nyekundu huonekana kwenye kadibodi pande mbili za tundu. Kwa CD, ambayo nafasi ya mistari yake ni maikrometa 1.6, nukta ya kwanza huwa karibu sentimita 13 kutoka tunduni. Kwa DVD huwa karibu sentimita 55, kwa hiyo kadibodi iwe pana. Wanafunzi wapime umbali huo, watafute pembe, kisha wagawe urefu wa wimbi, nanometa 650, kwa saini ya pembe hiyo ili wapate nafasi ya mistari. Mwalimu peke yake ndiye ashike leza, na mtu yeyote asielekeze jicho kwenye mwali au kwenye nuru inayorudishwa na diski.

Hesabu nyingine haihitaji kifaa. DVD husomwa kwa mwendo wa meta 3.49 kwa sekunde. Wanafunzi watafute dakika ambazo leza ingetumia kumaliza mstari wa kilomita 11.8, kisha waeleze filamu ya saa mbili inawezaje kukaa humo. Watagundua kwamba mstari ungekwisha katika muda wa chini ya saa moja, na kwamba deki husoma haraka, huweka akiba katika kumbukumbu yake, kisha hungoja. Akiba hiyo ndiyo humpa msomaji nafasi ya kurudia mahali palipomshinda.

KAZI ILIYO MBELE YA SHULE

Siku hizi picha za sherehe husafiri kwa simu na flashi, kompyuta nyingi mpya hazina tena kiendeshi cha diski, na deki zilizoharibika hazitengenezwi kwa wepesi. Kwa hiyo diski za miaka ile zinakabiliwa na hatari mbili kwa pamoja: zenyewe zinazeeka, na vyombo vya kuzisoma vinapungua. Diski inayokataliwa na deki moja leo bado inaweza kusomwa na chombo kingine. Itakapofika siku ya kukataliwa na vyote, hakuna fundi atakayeirudisha.

Shule yenye kompyuta moja ya zamani iliyo na kiendeshi kizima ina chombo cha thamani kubwa. Klabu ya sayansi inaweza kuwaalika wazazi walete diski zao, kuzisafisha, kuzijaribu katika viendeshi zaidi ya kimoja, na kunakili yaliyomo katika angalau mahali pawili tofauti. Zianze zile za kufutika na zile zilizokaa juani, maana ndizo dhaifu zaidi. Kisha zifuate zilizojaa hadi ukingoni. Kila nakala iandikwe jina la tukio, mahali na mwaka, kwa sababu picha isiyo na maelezo nayo hupotea kwa namna yake. Mwanafunzi atakayefanya kazi hiyo atakuwa amejifunza nuru, kemia na hesabu kwa mikono yake, na familia fulani ya Msimbati au Mikindani itaisikia tena sauti ya mzee wake.